Kabichi za Mzee Kaloki

Nyuma ya nyumba ya mawe, huku kwetu nje ya Kibwezi, kuna bustani ya jikoni iliyoachwa na mzungu wa mkonge. Babu yake Kaloki aliilima, kisha baba yake, na sasa Kaloki mwenyewe. Nyumba imegeuzwa kuwa ya makumbusho, na meneja wake, kijana anayeitwa Ben, aliamuru bustani ibaki vilevile ilivyokuwa zamani: kabichi tupu, mistari iliyonyooka, yote kijani. Mbaazi haziruhusiwi. Hebu fikiria, Ukambani, mbaazi haziruhusiwi.

Mvua ilipokataa msimu wa pili, kabichi zilikauka zote. Ben akamwambia Kaloki waziwazi kwamba wageni wakikuta vumbi, atafute pengine pa kulala, maana chumba anachoishi na mkewe Nzisa ni cha mtunza bustani. Kaloki ana mvi kichwa kizima na hana shamba kwingine. Angeenda wapi?

Basi kila Ijumaa alinunua kabichi sokoni, na Jumamosi asubuhi akazipanda. Alizipanda hivyohivyo, zimekatwa kwa kisu. Alichimba kashimo, akaikalisha kabichi, akashindilia udongo, akanyunyiza maji kidogo juu ili ing'ae. Wageni walipiga picha. Jioni Nzisa alizing'oa akazipika, na wakala kabichi mpaka maskini yule mama akaanza kuota muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa.

Na asiseme mtu kwamba Kaloki aliharibu historia. Baba yake alimsimulia kwamba hata yule mzungu, ukame ukizidi, aliletewa kabichi kwa gari moshi kutoka Limuru, na babu akazichomeka ardhini kabla wageni wa bibi mkubwa, mke wa mzungu, hawajafika kunywa chai. Kwa maoni yangu, Kaloki alihifadhi mambo ya kale vizuri kuliko Ben na kibao chake cha getini.

Shida ilianzia kanisani. Pasta Kyule alipita kando ya ukuta, akaona kijani katikati ya nchi iliyoungua, na Jumapili akahubiri juu ya bustani inayonyweshwa na Mungu. Kaloki, mzee wa kanisa, alikaa kiti cha mbele akitazama viatu vyake. Pasta akatangaza kwamba Jumamosi mwethya wetu, kikundi cha kina mama cha kusaidiana kazi, utaenda kupalilia bustani hiyo kwa shukrani.

"Pasta, shamba iko sawa," Kaloki alisema baada ya ibada. "Hakuna magugu."

"Mzee, mwethya haukataliwi."

Na kweli haukataliwi. Ukikataa mwethya, siku ya kuzikwa utajichimbia mwenyewe.

Tulikuja na majembe, tukiimba, Ben amesimama kando na wageni wake. Kaloki alijaribu kutupeleka kwenye pembe isiyo na kitu, lakini hakuna aliyemsikiliza. Mutindi, kiongozi wetu, alitangulia, na kwa pigo la kwanza kabichi ikabingirika mpaka miguuni pangu. Chini ilikuwa nyeupe, imekatwa safi. Mutindi akagusa ya pili kwa kidole, ikaanguka. Wimbo ukakatika.

Nilimwangalia Kaloki. Nilimhurumia mpaka nikasahau kukasirika. Ben akauliza kwa sauti kama kuna tatizo.

"Hakuna," Mutindi akamjibu. Kisha akaninong'oneza, "Leta hiyo."

Nikampa. Akaikalisha kwenye shimo lake, akashindilia udongo kwa viganja vyote viwili, akaanza wimbo upya. Tukapalilia mistari yote polepole, kila mmoja akishikilia kabichi kwa mkono mmoja isianguke. Wageni wakatupigia makofi.

Tulipomaliza, Mutindi alimsogelea Kaloki, aliyekuwa anajifuta macho kwa kofia.

"Mzee, wewe na Nzisa mmezeeka," akamwambia. "Jumamosi ijayo usipande peke yako. Tutakuja mapema tukusaidie kupanda."