Blauzi Nyekundu Siku ya Jumanne

Nowethu hakuwa mwoga. Waulize watu wa vilima vya Tsomo watakuambia: aliwahi kumkimbiza mwizi wa kondoo akiwa na mwiko mkononi, na siku moja alimwambia mchungaji mbele ya waumini wote kwamba amalize mahubiri, nyama inaungua. Lakini mtajie hospitali uone. Mama yake mzazi aliingia huko kwa miguu yake, uvimbe mdogo tu, akarudishwa ndani ya jeneza. Tangu hapo Nowethu aliapa kwamba kisu cha daktari hakitamgusa.

Mtoto wa jicho alipoanza, akasema ni moshi wa jikoni. Jicho la kushoto likazima, akasema limechoka tu. La kulia nalo likafunga ukungu, mwaka baada ya mwaka, mpaka akawa anamwaga chai nje ya kikombe na kumjulia hali ndama wa jirani akidhani ni mtoto. Mumewe Mziwandile, ambaye yeye alimwita Baba Lungelwa, mtu asiye na maneno mengi, alimshika mkono kwenda kanisani na kumrudisha. Siku alipopelekwa kupasuliwa kwa mara ya kwanza alitoroka kupitia jikoni kwa wapishi, gauni la wagonjwa likipepea nyuma. Kijiji kilicheka hadi kikachoka.

Aliyemrudia ni MaBhele, kiongozi wa umoja wa akina mama kanisani. Huko mwanamke mwenye heshima zake huitwa kwa ukoo wa baba yake, kwa hiyo Nowethu alikuwa MaMiya kwa kila mtu, hata kwa mumewe.

"MaMiya, daktari wa macho anakuja wiki ijayo. Akiondoka ndiyo basi mpaka mwakani. Hilo jicho litamngoja?"

"Niacheni nife na macho yangu."

"Macho gani? Utatumbukia kwenye shimo la choo wewe, na sisi tukakuimbie nini huko?"

"Wanakupasua ukiwa macho, MaBhele! Unajua hilo? Hulali! Unamwona mtu anakuja na kisu!"

"Basi tutakuja sote. Utatusikia nje ya mlango."

Hapo Nowethu akaacha kubisha. Aliijua nguvu ya wanawake wale. Kila Alhamisi waliomba pamoja, kila mmoja kwa sauti yake, na mwenzao akisimama kushuhudia kisha machozi yakamkaba, hawakumwacha amesimama peke yake na aibu yake. Walimpokea kwa wimbo, naye akakaa chini.

"Mkija, nitaingia," alisema.

Jumanne ilipofika, alikuwa kwenye benchi la hospitali, ametiwa dawa machoni, na presha yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba muuguzi, Sista, alimsifu. Mziwandile akasema anakwenda kununua maziwa, anarudi sasa hivi. Na kweli, haikupita muda Nowethu akasikia wimbo ukija kwenye korido. Moyo ukafurahi. Akainua uso kuwatazama wenzake kwa kile alichobakiwa nacho cha kuonea.

Aliona wekundu. Juu yake weupe, chini yake weusi. Sare.

Sasa, blauzi ile nyekundu, sketi nyeusi na kofia nyeupe, huko kwao havivaliwi ovyo. Huvaliwa Alhamisi ya maombi, huvaliwa kwenye Meza ya Bwana, na huvaliwa msibani. Alhamisi ilikuwa bado. Meza ya Bwana haiandaliwi kwenye korido. Ikabaki moja.

"Nani?" Nowethu aliruka. "Amekufa nani? Baba Lungelwa? Gari limemgonga? Semeni!"

Wanawake walikuwa wamezama kwenye wimbo, macho wameyafumba. Walisikia mwenzao akipiga kelele wakajua Roho ameshuka, wakazidisha sauti. Naye alivyoona hawajibu bali wanaimba zaidi, akajua ni kweli. Akajitupa sakafuni. Wao wakasema amina.

Sista alikuja mbio, akamkalisha, akamfunga kipimo mkononi.

"Mungu wangu! Kwa presha hii hapasuliwi mtu. Isiposhuka, mama, leo unarudi nyumbani."

Kabla hajamaliza, kishindo kikasikika mlangoni. Mziwandile alikuwa amerudi, akasikia wimbo, akaona wekundu umejaa korido siku ya Jumanne. Maziwa yakamwagika. Mzee yule ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti alianguka magoti akalia kama mtoto.

"Nowethu! Wamemuua Nowethu wangu!"

Tangu siku ya harusi hakuwahi kumwita kwa jina hilo. Nowethu alitega sikio. Marehemu analia, tena anamlilia yeye. Akainuka, akapapasa ukuta, akaifuata sauti mpaka mkono wake ukagusa kofia ya sufu ya mumewe.

"We mzee! Nipo!"

"Si umekufa?"

"Wewe ndiye uliyekufa!"

Wimbo ulikatika. MaBhele alishika mdomo kwa mikono miwili. "Mungu atusamehe. Tulitaka maombi yawe na uzito."

"Uzito tumeuona," alisema Sista. "Nendeni mkauweke kwenye benchi."

Mziwandile alimshika mkewe mkono. "Twende nyumbani, MaMiya. Mimi nitakuongoza, kama siku zote."

Mlango ulikuwa wazi, na safari hii hakuna ambaye angemcheka. Lakini Nowethu alikuwa ameonja kitu kwenye sakafu ile. Kwa kitambo kifupi alikuwa mjane asiyeona, na hofu ya kisu, aliyoibeba tangu mama yake azikwe, haikufika hata nusu ya ile.

"Na siku utakapotangulia kweli, nitaongozwa na nani?" aliuliza. "Sista, lete hicho kidonge cha presha. Na nyinyi kaeni karibu yangu, muombe taratibu kama watu wenye akili."

Wakakaa, wakaomba, mabega yao yakigusana na yake. Presha ikashuka. Akaingia wa mwisho.

Alikuwa macho kweli. Sindano ya ganzi ilimuuma, mwanga ulimwagika juu yake, akasikia mikono ya watu ikifanya kazi usoni pake. Aliomba mpaka sauti ikamkatika, na nje ya mlango wenzake wakaendelea.

Kesho yake daktari alibandua bendeji. Nowethu alipepesa. Dirisha. Kitanda. Vidole vyake mwenyewe. Mbele yake alisimama mzee mmoja aliyekonda, nywele nyeupe kabisa, mashavu yamebonyea, ameshika kofia ya sufu.

"Huyu babu ni nani?" alimnong'oneza MaBhele.

Mzee akacheka, na kicheko kilikuwa cha Mziwandile.

Nowethu alijiziba mdomo. Aliyemwacha upande wa pili wa ukungu alikuwa mwanamume mwenye nywele nyeusi na kifua kipana. Akamvuta karibu, akampapasa mvi kama alivyozoea kupapasa kila kitu, akalia.

"Umezeeka lini, Baba Lungelwa? Umezeeka lini na mimi nipo?"