Vidonge Nilivyoviacha Baada ya Ushuhuda

Jumapili ile naikumbuka bado, mwanangu, hapa hapa Kirolirwe. Nilikuwa msichana wa rika lako, nimevaa kitenge kipya cha mama. Tangu utoto nilikuwa naanguka kifafa. Baba akanipeleka lopitali ya Mweso, muganga akanipa vidonge vya kumeza kila jioni, na baada ya muda kuanguka kukaisha. Msimu wa mvua ukapita, na mwingine, mimi niko mzima nakamua ng'ombe na wenzangu. Basi Jumapili ile nikasimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda kwamba nimepona. Watu walicheza mpaka vumbi likapanda. Baba akatoa fromaji nzima, jibini ya maziwa ya ng'ombe wake, kwa shukrani, yeye ambaye hakuwa mwepesi wa kutoa.

Unajua desturi yetu. Aliyetoa ushuhuda hapendi kuonekana tena na dawa ya ugonjwa ule ule. Watu watasema alimdanganya Mungu mbele ya kanisa. Hakuna aliyenikataza, hapana. Jioni ile nilishika kidonge, nikaona haya, nikakirudisha. Kesho yake vile vile. Na kwa kweli nilijiona mzima, moyo wangu ulikuwa na furaha kubwa. Usifikiri nilikuwa mjinga tu.

Muda haukuwa mrefu. Asubuhi moja nilikuwa nachemsha maziwa, nikaanguka juu ya mafiga. Wenzangu waliokuwa jikoni walikimbilia nje, maana waliamini povu la mgonjwa linaambukiza, na mkono wangu ukabaki motoni. Baba ndiye aliyeingia akanivuta. Mpaka leo inaniuma kwamba waliokimbia ni watu walionipenda.

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, wala hakuwa mpole. Ng'ombe wake aliwaongelesha vizuri kuliko sisi. Kidonda kilipoanza kukauka, nilikuwa bado nalia, nikisema Mungu ameniaibisha. Siku moja akaniita zizini, pompe ya dawa ya kupe iko mgongoni mwake. Akageuza sikio la ng'ombe, akaniuliza kama naona kupe. Nikasema sioni hata mmoja.

"Njo vile," akasema. "Kupe haiko, lakini leo nitapuliza dawa tena. Nikiacha, itarudi ao haitarudi? Ushuhuda yako haikuwa uongo, mutoto yangu. Mungu alikusaidia na ile dawa. Wewe njo uliitupa juu ya kuona haya."

Tukarudi Mweso. Muganga alinieleza taratibu kwamba wako watu ambao kifafa huwaacha kabisa. Wakikaa miaka bila kuanguka, anawapunguzia dawa polepole huku anawafuata, na wengine hawaanguki tena. Wako wengine ambao dawa inakizuia tu, na wakiiacha kinarudi. Kwa kuwatazama wanafanana, hata yeye hawezi kuwatenganisha kwa macho. Kuacha ghafla, akasema, ndiyo hatari yenyewe. Baadaye tulijaribu kupunguza, dalili zikarudi, nikaendelea kumeza. Nimeolewa nikiwa na vidonge vyangu, nimezaa huku muganga akinifuata, nimezeeka navyo. Tangu hapo kuanguka kwangu kumekuwa kwa nadra sana.

Sasa wewe, unayemeza vidonge vya kifafa kama mimi. Jana uliniuliza kwa sauti ya chini kama umepona, kwa sababu familia ya kijana wako inakuja na ng'ombe wa mahari na hutaki wakukute na dawa. Mwanangu, sijui. Pengine umepona, na ninatamani sana iwe hivyo. Lakini usijipime kwa kuacha. Nenda Mweso kabla hawajafika, mwambie muganga ni muda gani hujaanguka, aamue pamoja nawe kama ni kupunguza ao kuendelea. Na ukiendelea, omba dawa mapema, unajua mwenyewe jinsi barabara zetu zinavyofungwa bila kuaga.

Na kijana wako umwambie wewe mwenyewe, kwa kinywa chako. Mfundishe kwamba povu haliambukizi. Ukianguka, akutoe penye moto, akulaze ubavu, asikutie kitu mdomoni, akae karibu mpaka uamke. Na ikikawia kuisha, akukimbize kwa muganga. Akisikia hayo akakimbia, mwache aende na ng'ombe wake. Ni heri akimbie sasa kuliko siku uko peke yako naye jikoni.

Haya, inama nikuwekee mkono. Si huo mzuri, mwanangu, huu ulioungua. Mungu akupe nyumba isiyokosa maziwa, akupe usingizi mwema, na akupe mume ambaye siku ukianguka ataingia kukuvuta.