Zamda binti Kondo na Picha za Wanaojificha

Enzi za Mwingereza, pale Jaja, kijiji cha pwani, Zamda binti Kondo alichokoa pweza, na asikudanganye mtu, hakuwa na mpinzani. Maji yakitoka tu, yeye huyo mwambani na kijiti chake, kibwebwe kimekazwa. Wenzake wakiona jiwe, yeye anaona pweza aliyejigeuza rangi ya jiwe. Miaka arobaini! Halafu mwanawe Haruni, karani wa Kibiti, Kiingereza chenyewe cha kuombea maji, akamkuta siku moja anahangaika kutunga uzi kwenye sindano. Akapiga yowe: mama macho yamekwisha, baharini sasa basi, atahamia kwangu. Mwenyewe hata hakuulizwa.

Basi akaletwa Kibiti, akawa wa kukaa kitako na kuletewa chai kama mgonjwa. Alimwambia kila aliyetaka kusikia kwamba huko ni kuzikwa huku anapumua.

Ijumaa moja, baada ya sala, alikuja Bwanaheri, mpiga picha wa pale Kibiti, na picha tatu za ukutani alizoagizwa na Haruni. Kubwa, nyeusi na nyeupe, zimetiwa fremu na kioo. Alizipiga mwambani maji yalipokupwa.

"Kila moja ina kiumbe kimejificha," akatamba. "Wageni wako watatafuta mpaka wachoke."

Haruni akazitundika sebuleni, akasogeza pua mpaka ikagusa kioo. Akaona mawe. Mkewe Mwanaharusi akaona mchanga. Zamda naye akainuka mkekani.

"Mama, usijisumbue," Haruni akasema.

"Hebu nipishe!"

Akarudi nyuma hadi mlangoni, maana vya karibu ndivyo vilivyomsumbua. Vya mbali, loo, hivyo vilikuwa vyake.

"Ya kwanza pweza, jicho lake lile pale, anatuchungulia. Ya pili gayogayo, samaki bapa huyo, kajifukia mchangani. Ya tatu kaa, kajitwika majani ya bahari."

"Umepata zote!" Bwanaheri akapiga makofi.

"Bado. Hapo chini ya kaa, unapodhani jiwe, ni samaki, mgongo mzima miiba ya sumu. Ulisimama wapi kupiga?"

"Hapo hapo mbele yake, bibi. Tena peku."

"Basi kamshukuru Mungu. Ungemkanyaga, tungekuwa tumeshakula pilau ya hitima yako."

Bwanaheri akaketi chini, miguu kaikunja. Haruni akafuata kwa kidole alipoelekezwa, polepole, mpaka akauona mdomo wa yule samaki. Machozi yakamlengalenga.

"Mama, mimi niliogopa tu. Kila bamvua, maji yakijaa kupita kiasi, nakuota umezama."

"Uoga ni wako, mwanangu. Kaa nao huku Kibiti, usinibandike mimi machoni."

Alfajiri ya Jumamosi alipanda lori la Nyamisati, akapande mashua ya kurudi kwake Jaja, na aliyembebea kapu ni Haruni.