Vidole Kumi na Mifuko ya Salfa

Mikorosho yangu iko Mkange, na mikorosho isipopulizwa salfa maua yanapochanua, ugonjwa wa ubwiriunga unaiparamia, maua yanageuka meupe na kupukutika, msimu umekwisha. Kwa hiyo serikali ilipotangaza kwamba salfa ya ruzuku atapewa tu mkulima aliyejisajili kwa alama ya kidole, mimi nilikuwa wa mwanzo mwanzo kufika ofisi ya kijiji.

Karani, kijana mwenye adabu zake, akaniamkia shikamoo, nikamwitikia. Nikaweka kidole gumba. Mashine kimya. Cha mkono wa pili, kimya vilevile. Akanigeuza kiganja.

"Mama, mbona vidole havina mistari?"

Itoke wapi? Miaka yote nabangua korosho kwa mikono mitupu, na utomvu wa maganda yake unakula ngozi mpaka inabaki laini kama kijiko. Wenzangu hujipaka majivu kwanza. Mimi majivu yananikera.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Akajikohoza. "Shemeji, usijisumbue. Naweka changu, salfa utapata."

Huruma hiyo naijua! Kidole chake kikiingia, shamba nalo linaandikwa jina lake, na tangu tuzike amekuwa akipitapita mle akilipima kwa macho. Niliwaka. "Kidole chako," nikamwambia, "kakiweke kwenye shamba lako."

Nyumbani nikafanya la akili yangu. Kwetu ngozi ya vidole ikichubuka tunaipaka hina ili ishike. Nikapaka vyote, nikavifunga vitambaa, nikalala navyo. Asubuhi vilikuwa vimeiva, vyeusi tii. Nikaenda nimejaa matumaini. Weee! Mashine haikutaka hata kuviona. Karani akaniuliza kwa upole kama natoka harusini. Foleni nzima ikacheka, nami nikacheka, ila njiani nililia kwa hasira.

Basi nikaacha kubangua, ili mistari iote upya. Kubangua ndiko kulikotupa sukari na mboga, kwa hiyo mimi na wanangu tukanywa chai kavu isiyo na sukari. Kila jioni nikajikanda vidole kwa mafuta ya nazi. Hina ikafifia polepole, huku mikorosho ikianza kutoa maua. Niliogopa sana, sifichi.

Siku ya mwisho ya usajili nikarudi. Vidole gumba vyote viwili, kimya. Vya shahada vyote viwili, kimya. Karani akaniambia, "Mama, mwite tu shemeji." Na shemeji alikuwa papo hapo nje, amekaa juu ya pikipiki yake, anasubiri mgawo wake.

"Mungu kanipa kumi," nikasema, "wewe umejaribu vinne. Siondoki hapa."

Akashusha pumzi, akaendelea. Kidole kidogo cha kushoto, ambacho nikibangua hujitenga pembeni kama mgeni, ndicho kilichoifanya mashine ilie. Kijana akatabasamu, akanisomea kwa sauti ya chini jina langu na shamba langu.

"Soma kwa nguvu, baba. Wasikie mpaka nje."

Akasoma kwa nguvu. Kisha nikamwita shemeji aje anibebee mifuko ya salfa.