Filimbi ya Babu Kabla ya Dagoretti

Baba na dada yake wamebishana tangu nizaliwe, na kwa miaka ya karibuni walikuwa wakibishania filimbi.

Si filimbi ya refa. Ni ya garimoshi. Babu yangu alikuwa dereva wa treni enzi za mvuke, na siku hizo kila dereva alikuwa na namna yake ya kuvuta kamba ya filimbi akikaribia kwake, ili mkewe ajue ni yeye anayekuja na si mume wa jirani. Treni ya babu ilipokuwa ikiteremka kutoka Kikuyu, kabla haijafika Dagoretti, nyanya alisikia filimbi yake na kubandika maji ya ugali. Wakubwa wa reli hawakuipenda tabia hiyo, lakini nani angempandia dereva huko juu amshike mkono?

Sasa walioisikia filimbi ya babu na bado wako hai ni wawili tu, baba na shangazi. Baba anasema ilikuwa ndefu, fupi, fupi, halafu ndefu inayokatika polepole. Shangazi anasema huyo aliota. Ubishi huo ulituchekesha sana mpaka masikio ya baba yalipoziba. Mwaka jana alikuwa bado anasikia mlango ukibamizwa. Mwaka huu hasikii kitu, hata na ile mashine tuliyomnunulia. Akabaki kupiga mluzi mezani, meno ya mbele hana, upepo mtupu unatoka, huku akitukodolea macho aone kama tumeipata. Tuipate wapi na hatujawahi kuisikia? Iliniuma, sitaficha. Filimbi ya babu ilikuwa imefungiwa kichwani mwa baba, na shangazi, mtu pekee anayeweza kusema kama ndiyo yenyewe, ana umri mkubwa kuliko yeye.

Kwa hiyo niliposikia kwamba kule kwenye makumbusho ya reli, nyuma ya stesheni, Jumamosi wangewasha injini moja ya zamani na wageni wangeruhusiwa kuipanda, nilimwandikia baba kwenye simu yake. Alikuwa amevaa koti kabla sijamaliza chai. Tukatoka mtaani kwetu Satellite, tukampitia shangazi Parklands. Aliingia garini akinung'unika juu ya magoti yake, jua, na watu wazima wanaoamkia kwenda kuangalia vyuma.

"Mimi sipandi hicho kitu," alinionya. "Nakuja kumwambia amekosea, basi."

Hata mimi nilidhani naenda kuangalia vyuma. Tulipita kati ya injini zilizokufa, zimesimama kwenye reli zao na nyasi zimeota katikati, na mabehewa ya mbao yenye ngazi zilizoliwa na viatu vya watu ambao hatutawajua. Shangazi alipunguza maneno. Kisha tukazunguka kibanda na kuiona ile iliyowashwa.

Ilikuwa nyeusi, ndefu kuliko ploti yetu na vyumba vyake vyote vya kupangisha. Magurudumu yalinifika kifuani. Na ilikuwa inapumua. Joto lake lilinipiga usoni nikiwa bado mbali, na nilipokaribia nikahisi ardhi ikitetemeka chini ya viatu. Nikawaza kwamba babu yangu, mtu aliyekuwa mfupi kuliko mimi, alikipeleka kitu kama hiki kwenye miteremko ya Bonde la Ufa, ukungu umetanda, na watu wamelala nyuma yake bila wasiwasi. Magorofa ya Upper Hill yalikuwa yamesimama pale nyuma na sikuyaona ni kitu. Jamani, binadamu alikaa chini akaunda hii.

Baba alivua kofia. Akaweka kiganja kwenye chuma.

"Iko hai," akasema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia akisema.

Nilimweleza dereva wa injini ile shida yetu, yeye na ovaroli yake ya bluu iliyolowa mafuta. Alimtazama baba, kisha akatupisha tupande. "Na shosho?" akauliza. Shangazi alikuwa ameshajitafutia kiti cha plastiki kivulini, mkoba mapajani, amekaa kama hakimu.

"Vuta, mzee," dereva akasema, akimwonyesha kamba kwa kidole. "Lakini shika vizuri. Hiyo haichezewi."

Baba akavuta. Sijui niielezeje sauti ile. Haikuingia masikioni peke yake, ilinipita mbavuni. Kunguru wote waliruka kutoka paani, watoto wakaziba masikio, na mimi machozi yakanitoka bila kuitwa. Baba peke yake ndiye aliyesimama kwenye kimya chake, akinitazama. Nikageuka kwa shangazi. Alikuwa akitikisa kichwa.

"Hiyo ni ya mtu wa treni ya mizigo," akapaza sauti. "Ule mwisho ameukata mapema."

Nilimweleza baba kwa mikono: mwisho, mrefu zaidi. Nilitegemea akasirike kama kawaida yake. Hakukasirika. Alinyoosha mkono wa kushoto, akauegemeza kwenye chuma cha pembeni ili ausikie mtetemo, akafumba macho, na kuvuta tena. Ndefu. Fupi, fupi. Halafu ile ya mwisho, ambayo aliiachia kidogo kidogo, ikashuka, ikashuka, mpaka ikabaki pumzi tu.

Alipofumbua macho hakunitazama mimi. Aliinama dirishani kumtafuta dada yake.

Shangazi alikuwa amesimama, na magoti yale yale. Mkoba ulikuwa umeanguka chini na hakuuokota. Nilisubiri aseme ndiyo au hapana. Dereva naye alisubiri, kitambaa mkononi. Yule mama ambaye hajawahi hata siku moja kumwambia mdogo wake kwamba amepatia, aliinua mkono akauzungusha hewani, taratibu, mara kadhaa.

"Tena," akasema.

Baba alisoma midomo yake, akaishika kamba.