Salamu za Mtafiti

Hapa nyumbani Chanika mimi ndiye mjuzi wa simu, na sifa hiyo nimejipa mwenyewe. Juzi watafiti wa ugonjwa wa Parkinson walifungua mjadala mtandaoni, wagonjwa na ndugu zao waulize maswali. Mgonjwa wetu ni mama. Alikuwa nyuma yangu mkekani, anapukuchua mahindi kwa mikono inayotetemeka. Nikavaa hedifoni ili asisikie, nikaandika: "Nimemwambia mama ni uchovu wa jembe, akimaliza vidonge atapona. Kweli atapona?"

Mtafiti mmoja akalisoma swali langu lote kwa sauti, tena polepole. "Dada, vidonge vinapunguza kutetemeka, lakini ugonjwa wenyewe hauponi. Utaendelea kuzidi. Usimfiche mama."

Nikaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi hodari. Nikaongeza na sauti ya simu, nisipitwe na neno.

"Msalimie sana," akamalizia. "Mwambie shikamoo."

Mahindi yakaacha kudondoka kwenye ungo. Nikatazama chini. Ncha ya waya wa hedifoni ilikuwa imelala mapajani mwangu, haijachomekwa popote.

"Marahaba, mwanangu," mama akamwitikia.