Kipa wa Jumamosi

Nimecheza kila mahali uwanjani. Nimekuwa beki wa kulia, beki wa kushoto, kiungo, winga na mshambuliaji, na siku moja refa alipochelewa nilipewa filimbi nikaanzisha mechi mwenyewe. Watu wakisikia hivyo hunisifu. Sifa hiyo siitaki tena. Mchezaji anayeweza kila mahali ni kama ile meza ya kanisa inayobebwa kwenda kila harusi na kila matanga, na hakuna anayeiuliza inataka kukaa wapi.

Nilizaliwa Kilungu, kwenye mteremko. Kwetu ukiupiga mpira vibaya unaufuata mpaka kwa jirani wa tatu huko chini, na ukirudi na pumzi zako wenzako wameshaitwa nyumbani. Ndiyo maana nilijifunza mapema kuutuliza mguuni. Mama alinikanya sana. Alitaka kujua msichana anayerusha miguu hivyo ataolewa na nani. Niliolewa baadaye, nikaachwa, na mpira haukuhusika.

Mahali pangu palikuwa katikati, nyuma ya mshambuliaji. Pale nilikuwa nauona uwanja wote, na nilijua mwenzangu atakimbilia wapi kabla yeye mwenyewe hajaamua. Sijivuni. Kuna watu wamejaliwa kuimba na wengine kupika. Mimi nilijaliwa hilo tu.

Mwalimu aliyetufundisha mpira sekondari ndiye aliyetuanzishia timu ya wanawake tulipomaliza shule. Alikuwa mtu wa watu. Nyavu za goli alizisuka kwa mikono yake, na mchezaji akiugua alikwenda kwao kumjulia hali. Tulimpenda, nami nilimpenda kuliko wote. Kosa langu ni kwamba aligundua mapema kuwa sikatai. Beki akiumia, "Ingia huko nyuma kwanza." Winga akipata mimba, "Shika hapo pembeni kwanza." Hiyo "kwanza" ya mwalimu ilikula misimu mizima.

Kipa wetu alikuwa rafiki yangu, tuliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza. Alikuwa mrefu, mwenye mikono ya kufika mbali, mpole hata akifungwa. Babake alikuwa mzee wa kanisa katika wale wanaoshika Sabato. Kwao Jumamosi hakuna kwenda shamba wala sokoni, sembuse kwenda mpirani. Mechi zetu nyingi zilikuwa Jumapili alasiri, sisi wengine tukishatoka ibadani, kwa hivyo haikuwa shida. Ila mechi ikiangukia Jumamosi, kipa nilikuwa mimi.

Kisha ikaja habari kwamba watu wa timu moja kubwa ya wanawake ya Nairobi watafika Kitui kutafuta wachezaji, na sisi tutacheza na timu ya mjini pale mbele yao. Walikuwa wanatafuta mtu wa kati. Wakikuchukua, wanakupa mahali pa kuishi na kukuingiza chuo. Nilikuwa na miaka ishirini, mwaka wa pili nimekaa nyumbani nikiwachumia watu parachichi, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa akinitafuta. Niliitaka nafasi ile mpaka nikakosa usingizi. Tatizo lilikuwa moja. Mechi ilikuwa Jumamosi.

Alhamisi nikaenda kwa rafiki yangu. Nilimkuta nje akiambua mbaazi.

"Ni hii Jumamosi moja tu," nikamwambia. "Nikiwekwa kwa goli nimeisha."

"Si unajua baba."

"Najua. Ndio maana nakuomba wewe, siombi yeye."

Aliambua mbaazi nyingi kabla ya kunijibu. "Nitakuja. Nitasema naenda kuona shangazi huko Kitui, ni mgonjwa. Na Mungu nitaongea na yeye mwenyewe."

Siku yenyewe tulibadilishia nguo kwenye darasa karibu na uwanja. Nilikuwa nimevaa jezi namba kumi, kamba za viatu nimezifunga mara mbili. Mwalimu akatoka kwenda getini kumwangalia kipa. Aliporudi alikuwa ameshika glavu.

"Hajakuja," akasema. "Si unajua hawa watu wa Sabato. Vaa."

"Mwalimu, leo wanatafuta mtu wa kati."

"Na kwa goli nikae mimi? Wewe unaweza popote. Watakuona tu."

Nikasema, "Sawa, mwalimu." Maneno mawili tu. Ningeweza kuvua jezi nikakaa chini kwenye sakafu ile, lakini sikulelewa hivyo. Kwetu mwalimu hajibizwi, na wewe uliyekula kwake hujibizi kabisa.

Nilidaka kila kitu. Nilidaka kwa hasira, mpaka washambuliaji wa Kitui wakaanza kupiga mipira nje kwa kukata tamaa. Tulitoka sare bila bao. Baada ya mechi yule mgeni wa Nairobi alikuja na daftari lake.

"Uko na mikono mizuri, dada. Lakini makipa tuko nao watatu."

"Mimi si kipa. Mimi hucheza kati."

Akacheka, wala si kwa ubaya. "Kila kipa huniambia hivyo."

Akaandika jina la winga wetu, msichana ambaye karibu mabao yake yote ya msimu ule yalitoka kwa pasi zangu.

Jumapili rafiki yangu alikuja kwetu kabla sijaenda kanisani. Akaniambia alifika Kitui, kwamba mwalimu alimkuta getini akamrudisha, akisema ameshapata kipa mwingine, aende nyumbani kabla babake hajajua. Alifurahi njia nzima, alisema, akidhani mimi nacheza kati. Nilimtazama nikaona sura ya mtu anayejitetea. Hata hivyo nilikwenda kwa mwalimu kumwuliza.

"Mimi? Sikumwona," mwalimu akasema. "Anaona haya tu, mtoto wa watu. Msamehe."

Sikumsamehe. Siku ya soko nilimkuta pale kwenye njia panda, watu wamejaa, nikamvua nguo mbele yao kwa mdomo. "Mwongo wewe! Eti ulikuja mechini Kitui Jumamosi! Nani alikuona?" Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako, nikamwambia tumekula sahani moja miaka yote ile kumbe nalisha nyoka. Alisema mara moja tu, "Nilikuja." Hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga za watu wawili.

Shangazi yake mwingine alikuwa pale anauza nyanya. Kufika jioni babake alikuwa ameshaambiwa binti yake alishinda wapi siku ya Sabato. Yule mzee aliamini papo hapo jambo ambalo mimi nilikataa kuliamini. Alimtoa kwenye kwaya, akamkataza mpira, na mwaka haukwisha kabla hajaozwa Kambu, huko chini kwenye barabara ya Mombasa. Niliposikia nilisema Mungu si Athumani. Nililisema kwa sauti, mbele ya mama, na nikala chakula changu chote.

Nilichezea timu ya mwalimu miaka minane zaidi. Kila msimu alinipanga mahali papya na kila msimu nilisema sawa. Mwishowe goti la kulia lilikatika kitu ndani, siku ambayo nilikuwa beki, kwa sababu beki alikuwa amekwenda mazishini. Siku hizi niko ofisini Kitui. Huko nako wameshanijua. Mtu wa masjala asipofika naitwa mimi, wa mapokezi akiwa likizo naitwa mimi, na mwezi wa kupandishwa vyeo ukifika sijulikani niko idara gani.

Desemba iliyopita mwalimu alistaafu. Tulimfanyia sherehe Kilungu, na mahema, na kwaya, na pilau. Wachezaji wa zamani tulikalishwa mbele. Mwalimu alichukua kipaza sauti akaanza kututaja mmoja mmoja, na alipofika kwangu uso wake ulichangamka.

"Huyu! Huyu watu wa Nairobi walitaka kuninyang'anya. Nikajiuliza, huyu akienda mimi nabaki na timu gani? Nikamficha kwa goli!"

Watu wakaangua kicheko.

"Na kipa mwenyewe alikuwa amekuja, maskini, ametoroka Sabato ya watu! Nikamwambia, enda nyumbani mama, kipa tuko naye."

"Huyo ndiye kocha!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na makofi yakapigwa.

Mwalimu alikuwa akinitazama kwa mapenzi. Hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo, kwamba hakuwa anatubu. Alikuwa ananisifu. Kwa hesabu yake alinipa heshima kubwa kuliko ya wote waliokaa pale, kwa maana mimi peke yangu ndiye niliyestahili kuibwa. Na mimi nilifanya nini? Nilicheka. Nilicheka pamoja nao, nikapiga makofi, nikapanga foleni ya pilau. Asante ya punda ni mateke, lakini kuna punda mwingine, anayepigwa mateke akashukuru.

Wiki mbili nilikaa na jambo hilo kifuani. Kisha nikaomba ruhusa ofisini, nikashika barabara ya Kibwezi mpaka Kambu. Haikunichukua muda kumpata. Ana kibanda chake pale malori yanaposimama, amepanga machungwa kwenye ndoo. Amenenepa kidogo. Alinijua kabla sijafungua mdomo, na hakusimama.

Tulisalimiana kama watu waliokutana hospitalini. Nikamwambia, "Mwalimu amesema ukweli. Amesema mbele ya watu kwamba ulikuja."

"Na mimi nilisema mbele ya watu," akajibu.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Nilitaka kumweleza kuhusu mwalimu, jinsi alivyotudanganya sote wawili, ili tumchukie pamoja. Alinisikiliza nusu, akanikata.

"Mwalimu hakuwa rafiki yangu," akasema. "Yeye alinirudisha tu nyumbani. Baba alikufa hatujarudi kuongea vizuri, na hiyo si mwalimu aliifanya. Ni wewe, pale sokoni."

Lori likaegesha upande wa pili, na dereva akamwita kwa mkono. Akainuka, akachukua ndoo moja, kisha akanigeukia.

"Sasa umekuja kununua ama umekuja kuomba msamaha?"

"Msamaha."

"Huo leo sina. Niko na machungwa."

Nikanunua machungwa. Alinichagulia moja moja, akayabonyeza kwa vidole vyake virefu, yaliyo laini akayarudisha, akanifungia mfuko wa mazuri matupu. Kisha akavuka barabara kumfuata dereva wa lori, na mimi nikabaki pale kibandani mpaka mtu akaniuliza kama ni mimi ninayeuza.